Je, taa za zambarau huongeza nguvu ya bangi?

JUMAPILI moja baada ya chakula cha mchana, mwana wa kaka yangu aliniletea simu yake na kuniambia, "Shangazi, hebu tazama maajabu haya." Kwenye video hiyo mlikuwa na chumba kirefu mfano wa ghala, kimejaa mimea iliyopangwa safu kwa safu, na kila kitu humo ndani, majani, kuta, hata nyuso za wafanyakazi, kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau. Msimulizi alikuwa akieleza jinsi bangi inavyokuzwa nchini Canada, ambako sheria iliiruhusu kuanzia Oktoba 17, 2018.

Kijana huyu yuko shule ya upili na hupenda somo la Biolojia kuliko kufua soksi zake. Alitaka kujua jambo moja tu: "Ni kweli hiyo taa ndiyo hufanya bangi iwe kali?"

Nilimkemea kwanza, kama ilivyo desturi ya shangazi yeyote anaposikia neno bangi kinywani mwa mtoto. Halafu nikajiuliza nilikuwa nikimkemea kwa kosa gani, ilhali swali lenyewe lilikuwa zuri na jibu sikuwa nalo.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja tunayeishi naye katika ploti moja alinijia na swali ambalo, ukilichunguza vyema, ni lile lile. Mama huyu ana binti wa miaka sita anayeugua kifafa. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwonyesha kichupa cha mafuta na kumwambia kuwa ni dawa ya "CBD" kutoka ng'ambo, na kwamba nguvu yake ni maradufu kwa sababu mimea yake ilikuzwa chini ya taa za rangi maalumu. Bei ya kichupa hicho ilikaribia kodi yake ya nyumba ya mwezi mzima. "Wewe ni mtu wa magazeti," aliniambia. "Niambie kama ni kweli, kabla sijakopa."

Kabla ya kwenda mbali, msomaji akumbuke kuwa nchini Kenya kupanda bangi au kuwa nayo ni kosa chini ya sheria ya kudhibiti madawa ya kulevya ya 1994, ambayo ilifanyiwa marekebisho mnamo 2022. Makala haya si ya kumfunza mtu kilimo hicho. Hata hivyo, sayansi ya mwanga na mimea ni ile ile, iwe mmea ni bangi, maharagwe, majani chai au viazi vilivyo chini ya meza yako jikoni.

Chakula kitokacho juani

Mnamo 1666 Isaac Newton, Mwingereza, alipitisha mwale wa jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu, na mwanga ule tunaouona kuwa mweupe ukatawanyika ukawa rangi za upinde wa mvua, kutoka nyekundu hadi urujuani. Wanasayansi wa siku hizi hupima rangi hizo kwa nanomita. Samawati iko karibu na 450, kijani kibichi karibu na 550 na nyekundu karibu na 660. Miale iliyo chini ya 400 macho yetu hayaioni, nayo huitwa miale ya urujuanimno. Ni hiyo inayounguza ngozi ya watalii wanapolala ufuoni pale Diani.

Jani huonekana kijani kwa sababu rangi hiyo ndiyo linayoirudisha kwa wingi zaidi, huku likimeza sana nyekundu na samawati. Mjerumani aitwaye Engelmann alilithibitisha jambo hili mnamo 1882 kwa njia ambayo mimi huiona ya werevu wa ajabu. Aliuweka ukoga wa majini chini ya darubini, akaumulika kwa upinde wa mvua mdogo, kisha akatia hapo bakteria wapendao hewa ya oksijeni. Bakteria wale walikimbilia kwa wingi sehemu mbili: ile iliyomulikwa kwa nyekundu na ile ya samawati. Hapo ndipo ukoga ulipokuwa ukifanya kazi kwa bidii, ukijitengenezea chakula na kutoa oksijeni.

Taa za zambarau zina asili yake hapo. Watengenezaji wa taa waliona hakuna haja ya kupoteza umeme kwa rangi ambazo mmea hauzimezi sana, wakaunganisha vijitaa vyekundu na vya samawati pekee. Jicho la binadamu likiona rangi hizo mbili pamoja husema ni zambarau au waridi. Jambo hili liliwezekana baada ya Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura kufaulu, mapema katika miaka ya tisini, kutengeneza taa ya LED ya samawati yenye mwanga wa kutosha. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mnamo 2014. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikuza letasi katika kituo cha angani chini ya taa za namna hiyo, na mnamo Agosti 2015 wanaanga wakaitafuna.

Lakini kuna jambo ambalo wauza taa hawapendi kulisema. Mnamo 1972 mtafiti Keith McCree, akiwa Texas, alichapisha vipimo vya mazao 22 chini ya kila rangi. Aligundua kuwa nyekundu ndiyo bora, ndiyo, lakini kijani haikuwa ya kutupwa. Mwanga wa kijani hupenya ndani zaidi ya jani na kuyafikia hata majani ya chini yaliyofunikwa na wenzake. Hivyo basi zambarau hainunuliwi kwa sababu mmea unaihitaji hasa. Ilikuwa njia ya kubana matumizi ya umeme, na siku hizi wakulima wengi wa ndani ya nyumba wamerudia taa za LED nyeupe, ambazo angalau humwezesha mfanyakazi kuona jani lililougua.

Mwanga kama habari

Hadi hapa nimeueleza mwanga kana kwamba ni ugali tu. Kwa mmea, mwanga pia ni habari. Mmea hauna macho, lakini unajua jua liko upande gani, usiku ni mrefu kiasi gani, na kama jirani yake amemzibia.

Mwanafunzi anaweza kulishuhudia hili kwa katoni ya viatu. Toboa tundu upande mmoja, weka ndani kikopo chenye mche wa maharagwe, funika, na baada ya siku chache utakuta mche umepinda kuelekea tunduni. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika kuhusu jambo hili mnamo 1880. Walivisha ncha za miche ya nyasi kofia ndogo zisizopitisha mwanga, na miche ile haikupinda tena. Basi ncha ndiyo inayoona, ingawa kinachopinda ni shina la chini yake. Leo tunajua kuwa rangi inayoleta mpindo huo ni samawati.

Samawati hufanya kazi nyingine pia. Mmea unaopata samawati ya kutosha huwa mfupi na mnene wa shina, na majani yake huwa magumu kidogo. Ukiinyimwa, hurefuka ovyo kama kijana aliyebalehe.

Nyekundu nayo ina ndugu yake ambaye macho yetu humwona kwa shida, nyekundu ya mbali, iliyo karibu na nanomita 730. Majani humeza nyekundu ya kawaida lakini huiacha hii ya mbali ipite. Kwa hiyo mmea ulio chini ya wenzake hupokea nyekundu kidogo na nyekundu ya mbali nyingi, nao huelewa: nimefunikwa, sharti nirefuke. Mkulima wa mahindi aliyepanda mbegu karibu karibu ameyaona matokeo, mabua marefu membamba yanayolala chini upepo unapovuma.

Kitu kinachopokea habari hii ndani ya mmea huitwa fitokromu. Hadithi ya kugunduliwa kwake ilianzia Beltsville, Maryland, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mnamo 1952 Borthwick, Hendricks na wenzao walieleza jinsi walivyomulika mbegu za letasi kwa nyekundu zikaota. Walipozimulika kwa nyekundu kisha nyekundu ya mbali, zilikataa kuota. Wakaongeza nyekundu tena, zikaota. Kila mara rangi ya mwisho ndiyo iliyotoa uamuzi, sawa na swichi ya ukutani.

Usiku wa Naivasha

Ukiteremka Bonde la Ufa jioni kuelekea Naivasha utaona sehemu za vivungulio vya maua kando ya ziwa zimewaka taa wakati watu wa kawaida wanalala. Mgeni anaweza kudhani wafanyakazi wako zamu ya usiku. La hasha. Taa zile huwashwa ili kuidanganya mimea.

Kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kuwa saa 12 kwa 12 mwaka mzima, tofauti yake ni ya dakika chache. Krisanthemamu ni mmea unaochanua usiku unapokuwa mrefu, na usiku wetu unamtosha. Mkulima anayetaka ukue kwanza, au anayekata vipandikizi na hataki maua kabisa, huukatiza usiku kwa taa. Mmea huhesabu kuwa usiku ni mfupi, nao hungoja.

Wazungu wawili, Garner na Allard, ndio wanaotajwa vitabuni kuwa waligundua mambo haya huko Marekani. Walikuwa na tumbaku iliyokuwa ikirefuka majira yote ya kiangazi bila kutoa ua. Waliiingiza vyunguni, wakawa wanaibeba na kuificha gizani kila siku kabla ya jua kutua, na tumbaku ikachanua. Ripoti yao ilitoka mnamo 1920.

Lakini kuna Mfaransa mmoja ambaye vitabu vya shule humsahau. Julien Tournois aliandika mnamo 1912, miaka minane kabla yao, kuwa mimea aliyoipunguzia saa za mwanga ilichanua ikiwa bado michanga. Mimea hiyo ilikuwa miwili: hopsi ya Kijapani, na bangi ya aina ile inayopandwa kwa ajili ya nyuzi za kamba. Tournois aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na utafiti wake ukaishia hapo. Kwa hiyo mmea huu tunaoushuku ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kabisa kuwafunulia wanasayansi kwamba mimea hupima usiku.

Kizazi kile kile cha sayansi, basi, ndicho kilichozaa maua ya Naivasha na ghala za zambarau za Canada. Bangi, kama krisanthemamu, kwa kawaida huchanua usiku unaporefuka, na wakulima wenye vibali huko ng'ambo huendesha swichi zao kwa kanuni hiyo.

Viazi na majani chai

Sasa tuliingie swali la kijana. Je, mwanga unaweza kubadilisha kemikali zilizo ndani ya mmea?

Jibu fupi ni kwamba unaweza, na ushahidi uko jikoni mwako. Acha viazi mbatata mahali penye mwanga kwa wiki kadhaa. Vitageuka kijani, na pamoja na kijani hicho hujitengeneza sumu iitwayo solanini. Mama zetu walivikata na kutupa sehemu hiyo kabla hawajasikia neno kemia. Wajapani nao, wanapotaka chai yao ya bei ghali iitwayo gyokuro, huifunika michai isipate jua kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchuma. Uchungu hupungua, utamu fulani huzidi. Na letasi nyekundu ikikuzwa chini ya plastiki inayozuia miale ya urujuanimno hupoteza wekundu wake, kwa maana wekundu ule ni mwavuli ambao mmea hujitengenezea dhidi ya miale hiyo.

Fikra hii ya mwavuli ndiyo iliyowafanya watafiti waigeukie bangi. Kemikali za mmea huu huitwa kanabinoidi, na hutengenezwa zaidi katika vinyweleo vidogo vyenye utomvu vilivyo kwenye maua ya mmea wa kike. Ile inayolevya, THC, ilitambuliwa kikamilifu mnamo 1964 na Gaoni na Mechoulam huko Israeli. Nyingine, CBD, hailevyi, nayo ndiyo iliyo katika dawa ya kifafa.

Mnamo 1987 Lydon, Teramura na Coffman walitoa matokeo ya majaribio yao ya Maryland. Walimulika kwa miale ya urujuanimno aina mbili za bangi, moja ya kulevya yenye asili ya Jamaica na nyingine ya nyuzi kutoka iliyokuwa Czechoslovakia. THC iliongezeka katika ile ya Jamaica. Katika ile ya nyuzi hakukuwa na ongezeko, na CBD haikuzidi popote. Hata hivyo habari ilisambaa ikiwa imekatwa mkia, na kwa zaidi ya miaka 30 wauza taa wakawa wanaihubiri: ongeza urujuanimno, upate nguvu.

Kisha sheria zikalegezwa Canada na katika majimbo kadhaa ya Marekani, na vyuo vikuu vikaweza kupima bila kujificha. Mnamo 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walirudia jaribio la urujuanimno kwa mimea ya kisasa. Hawakupata ongezeko lolote la maana la THC wala CBD. Walichopata ni majani yaliyojikunja na kuharibika. Mimea ya 1987 ilikuwa na THC asilimia chache tu, ilhali mingi ya siku hizi imechaguliwa kizazi baada ya kizazi ikapita asilimia 20. Huenda hapakuwa na nafasi ya kuongeza.

Kuhusu samawati, mambo yamevutana. Utafiti uliochapishwa mnamo 2018 ulilinganisha taa za zamani za sodiamu, zile za manjano kama za barabarani, na taa za LED zenye samawati na urujuanimno kiasi. Chini ya LED mimea ilikuwa mifupi, na kila gramu ya maua ilikuwa na THC nyingi zaidi. Lakini chini ya sodiamu maua yenyewe yalikuwa mengi, hivi kwamba ukipiga hesabu ya mmea mzima, jumla ya kemikali haikutofautiana. Mmoja wa watafiti alitoka katika kampuni inayotengeneza taa za LED, jambo ambalo halibatilishi kazi yao, ila mnunuzi mwerevu hulizingatia.

Miaka mitatu baadaye Westmoreland, Kusuma na Bugbee wa Chuo Kikuu cha Utah State walipandisha kiasi cha samawati kutoka asilimia 4 hadi 20 ya mwanga wote. Mavuno yalishuka kwa asilimia 12. THC na CBD kwa kila gramu? Zilibaki pale pale. Na watu wa Guelph, katika jaribio jingine la mwaka huo huo, waliongeza ukali wa mwanga, si rangi yake. Uzito wa maua ulipanda moja kwa moja kadiri mwanga ulivyozidi, harufu ikaongezeka kidogo, lakini kanabinoidi katika kila gramu hazikusogea.

Mpishi ni jeni

Kwa nini hazisogei? Nilipomweleza kijana wangu nilitumia unga wa ngano, kwa vile mama yake alikuwa akisukuma chapati wakati huo.

Ndani ya mmea wa bangi, THC na CBD hutokana na kinyunya kimoja, kemikali mama ambayo kwa kifupi huitwa CBGA. Kuna wapishi wawili wanaong'ang'ania kinyunya hicho. Mmoja hukigeuza kuwa asidi ya THC, mwingine asidi ya CBD, na moto ndio huzigeuza asidi hizo baadaye. Mmea una wapishi gani, hilo huamuliwa na jeni unazorithi kwa wazazi. Utafiti wa de Meijer na wenzake uliochapishwa mnamo 2003 ulionyesha kuwa mgawanyo huo hufuata urithi kwa utaratibu ule ule aliouona Mendel katika njegere zake. Mwanga ni jiko. Jiko kali litakuwezesha kupika chapati nyingi, na jiko baridi litakupa chache. Lakini hakuna jiko litakalogeuza chapati kuwa mandazi.

"Basi wale wanauza taa wanadanganya?" akauliza.

Nikamwambia si wote, na si kabisa. Rangi hubadilisha kimo, unene, harufu na wakati wa kuchanua, na kwa mkulima mambo hayo ni pesa. Anayedai kuwa taa yake itaigeuza dawa iwe dawa zaidi, huyo ndiye wa kuulizwa maswali.

Maana gharama yenyewe si mchezo. Mnamo 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kuwa kilimo cha bangi ndani ya nyumba kilikuwa kikimeza asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani, gharama ya dola bilioni 6 kwa mwaka. Mnamo 2021 wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State walikokotoa kuwa kilo moja ya maua makavu hutanguliwa na hewa chafu ya ukaa kati ya kilo 2,283 na 5,184, kutegemea jimbo. Sehemu kubwa ya hizo ni nishati ya taa, vipoza hewa na vikausha unyevu, kazi ambayo nje ya ukuta jua lingeifanya bila bili. Haishangazi basi kwamba wawekezaji walianza kuangalia Afrika. Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza barani kutoa leseni za bangi ya matibabu, mnamo 2017, na milima yake haina upungufu wa jua.

Kichupa cha mama

Narudi kwa jirani yangu, kwa maana taa haimhusu. Anachotaka ni mtoto apitishe wiki bila kuanguka.

Dawa ya kifafa itokanayo na mmea huu ipo kweli. Inaitwa Epidiolex, na idara ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mnamo Juni 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Sehemu ya mimea yake ilikuzwa Wissington, Uingereza, katika kivungulio cha kiwanda cha sukari cha hekta 18 ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha nyanya. Hapo hapakuwa na muujiza wa zambarau. Kinachoifanya iwe dawa ni mbegu ya ukoo mmoja, kisha maabara inayosafisha na kupima hadi kila mililita iwe na miligramu 100 za CBD, leo, kesho na mwaka ujao. Daktari huhesabu matone kwa uzito wa mtoto. Kipimo kikipanda na kushuka, hesabu yake yote imeharibika.

Sasa linganisha na vichupa vya mitandaoni. Mnamo 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti. Ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Asilimia 43 zilikuwa na zaidi, asilimia 26 zilikuwa na pungufu. Na bidhaa 18 zilikuwa na THC, ile ya kulevya. Hebu fikiria mtoto wa miaka sita.

Tena CBD halisi haikai kimya ikikutana na vidonge vingine. Ikichanganyika na klobazamu humzidishia mgonjwa usingizi, na ikiwa pamoja na valproeti ini hulazimika kuangaliwa kwa vipimo vya damu. Kuviacha ghafla vidonge vya hospitali ili kujaribu kichupa ni hatari kubwa zaidi, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo usiokatika, na mfululizo huo huua. Nilimwomba asiguse chochote kabla ya siku ya kliniki, na akakubali.

Alikuja kwangu jioni akiwa na kichupa chenyewe. Mchuuzi alikuwa amemwachia "aangalie kwanza". Tulikaa kwenye ngazi, binti yake akicheza kati na wenzake uani, tukaisoma lebo kwa tochi ya simu. Ilikuwa na picha ya jani, bendera ya nchi ya kigeni, na maneno makubwa kuhusu mwanga wa rangi saba. Tuliigeuza kila upande. Haikuwa na tarehe ya kutengenezwa, haikuwa na jina la maabara, na hapakuandikwa hata miligramu moja.

Keshoye alimrudishia mwenyewe. Mchuuzi alimpunguzia bei hadi nusu, akakataa. Siku ya kliniki ni Alhamisi ijayo, na ameniomba nimsindikize, kwa sababu safari hii ana maswali.

Kijana naye ameniharibia katoni ya viatu vyangu vya kanisani. Ametoboa matundu mawili, moja amelifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende na jingine kwa ya samawati, na mche wa maharagwe ameuweka katikati. Hadi nikiandika haya, umeinama kwenye samawati.